Kambi Iliyobebwa na Mtani

Nimechoka na watu wanaoniuliza kambi ni nini. Kambi ni watoto. Shule zikifungwa mwezi wa sita, baba yuko dukani Kariakoo anauza vitenge, mama yuko duka la pili anauza mikoba, na mtoto yuko ghorofa ya tano amekaa na simu mpaka macho yamekuwa mekundu. Mimi nawachukua hao. Wanakuja asubuhi, wanakunywa uji, wanaruka kamba, wanajifunza kupiga ngoma na kufua soksi zao wenyewe, wanagombana, wanapatana, na jioni wanarudi kwao wamechafuka vizuri. Kazi hii niliianza binti yangu Shadya akiwa bado na mapengo. Sasa ni mtu mzima na ndiye msaidizi wangu.

Wazazi wananiita Mama Kambi. Jina langu ni Waridi, Mzaramo wa kuzaliwa na kukulia mjini, na kama nina kiburi, basi nimekirithi kwa watu wenye nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya shangazi yangu, Bi Mwanne. Nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma yake ua mpana uliosakafiwa. Humo ndimo kambi yangu ilimokuwa. Pande zote ghorofa zilikuwa zimeshaota, hata jua lilikuwa linaingia uani saa za adhuhuri tu, linasalimia na kuondoka. Madalali walibisha hodi kila mara. Shangazi aliwapa maji ya kunywa, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza, "Sasa nikiuza, watoto wa Waridi wakacheze wapi? Barabarani?" Dalali akikosa jibu, anaonyeshwa mlango.

Mwezi wa tatu shangazi alifariki. Hakuugua sana, na hilo tunamshukuru Mungu. Watoto wake walikaa kikao, wakakubaliana kuuza. Sina wa kumlaumu. Mirathi ni mirathi, na kila mmoja ana watu wake wa kuwalisha na kuwasomesha. Lakini nilipoambiwa mnunuzi anataka nyumba iwe tupu kabla ya mwezi wa sita, niliona nimefiwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na wa kunipa pole.

Au niseme walikuwepo, ila sikuwataka.

Wenye kambi hapa mjini tuna umoja wetu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana kwenye mgahawa mmoja mtaa wa Msimbazi, tunaagiza chai na vitumbua, tunafundishana kazi. Siku moja atakuja muuguzi kutuonyesha la kufanya mtoto akipaliwa na chakula. Siku nyingine Hashimu, kijana mwenye kambi ya mpira, atatufundisha namna ya kuzungumza na mzazi anayekuja kumchukua mtoto wakati wa isha na kukuona wewe ndiye mkosaji. Hashimu anaviita vikao hivyo semina, na huja na kalamu za rangi. Mimi nilikuwa nakwenda zaidi kufundisha kuliko kufundishwa. Sioni sababu ya kuficha. Nusu ya waliokaa pale kazi waliianzia kwangu.

Wa kwanza wao ni Paskalina.

Paskalina ni Mnyamwezi, katoka Tabora na sanduku moja, akapangishwa chumba cha uani kwa shangazi. Kodi ya kwanza shangazi hakuipokea. Alimwambia, "Kwanza ule." Asubuhi yake akamkuta Paskalina ananikorogea uji wa watoto, tena unakatika mabonge. Nilimfundisha kukoroga. Nikamfundisha na mengine yote: kwamba mtoto anayelia asubuhi ya kwanza haulizwi kwa nini analia, anapewa kazi, kwamba wawili wakipigana unawapa ndoo moja wabebe pamoja. Baada ya miaka akafungua kambi yake Magomeni, kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa lao, na ikakua mpaka ikaizidi yangu. Nilifurahi. Nilikereka pia, kidogo.

Na kama ujuavyo, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Shangazi na Paskalina hawakupitisha siku bila kutukanana. Huyu anasema Wanyamwezi walikuja Pwani na mizigo ya watu vichwani, wakasahau kuitua. Yule anajibu kwamba Mzaramo yuko radhi auze shamba apate pesa ya kuchezea ngoma. "Mtumwa wangu wee," shangazi anasema, na huku anampakulia wali.

Sasa utani una sheria zake, na kubwa ni ya msibani. Ukifiwa, mtani wako haji kulia. Anakuja kuchekesha. Anaruhusiwa kumwigiza marehemu, kukalia kitanda chake, kuwanyima chakula wafiwa, hata kubeba kitu cha nyumbani na kuondoka nacho mpaka ukikomboe. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Siku ya maziko Paskalina aliingia amejipaka unga usoni, amejifunga kanga kama shangazi, anatembea kwa mwendo wake ule wa kuvuta mguu wa kushoto. Akamshika Hashimu mkono, akamfanya dalali. "Maji umekunywa? Haya, mlango ule pale!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilikuwa namtazama machoni, natafuta chozi lake, hata moja. Sikuliona. Mila naijua vizuri, ila moyo haujui mila, na jambo lile lilinikaa kooni.

Basi kwenye kikao cha mwezi wa nne nikawatangazia wenzangu kwamba sina ua.

"Dada Waridi, njoo kwetu," Hashimu akasema haraka. "Uwanja upo."

"Wa bondeni ule? Mvua zenyewe hizi, mto unajaa. Nije kufundisha kambi au kuogelea?"

Wakacheka, ila macho yao hayakucheka. Paskalina akasogeza kikombe chake. "Njoo Magomeni. Ua ni mkubwa. Kambi yako upande huu, yangu upande ule. Wasaidizi tunachanganya."

Ni maneno mazuri, nayakubali leo. Siku ile niliyasikia vingine. Niliona mwanafunzi wangu ananikaribisha kibarazani, na mimi nimeshika viatu mkononi. Nimpigie hodi mtu niliyemfundisha kukoroga uji?

"Nashukuru," nikasema. "Kambi naifunga. Vyombo nitamwuzia mtu wa vyuma chakavu."

"Na watoto?" Hashimu akauliza.

"Watoto wana wazazi."

Paskalina hakunibembeleza. Alisema "Haya" tu, akamaliza chai yake. Nikaona sawa, hivi ndivyo ulimwengu ulivyo, ukifa leo kesho watu wanakunywa chai.

Arobaini ya shangazi ikafika mwezi wa tano. Hitima ilisomwa, pilau ikaliwa, watu wamejaa ukumbini mpaka barazani. Mimi vyombo vya kambi nilikuwa nimeshavitoa na kuvipanga karibu na mlango wa uani: sufuria kubwa ya uji, ngoma, majamvi, mipira, kamba ya kuvutana, mabeseni. Mtu wa vyuma chakavu niliahidiana naye aje watu wakitawanyika. Nilitaka jambo liishe siku moja, niamke kesho yake mtu asiye na kambi, nianze kulizoea.

Mara nikasikia vigelegele vya kejeli nje. Paskalina huyo, na Wanyamwezi wenzake nyuma, wamefunga vitambaa vichwani kama wapagazi. Goodluck, dereva wao, amerudisha kirikuu, kile kigari chao cha mizigo, kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa uani.

"Wazaramo!" Paskalina akapaza sauti. "Zamani mkiuza shamba tulikuwa tunaisikia ngoma. Leo mmeuza nyumba nzima, mbona kimya? Ngoma iko wapi?"

Ukumbi ulicheka, na wenye mirathi wakainamisha vichwa. Ilikuwa imewachoma mahali penyewe. Yeye akapita mpaka uani, akazunguka vile vyombo, akaigonga sufuria kwa kidole.

"Kumbe ngoma hii hapa. Mzigo huu wa nani?"

"Paskalina," nikasema kwa sauti ya chini, "acha hivyo. Leo sina nguvu ya mchezo."

"Nani anacheza? Marehemu alikuwa mtumwa wangu, na mali ya mtumwa ni yangu. Wapagazi! Twende!"

Wakabeba, mbele ya macho yangu. Sufuria, ngoma, majamvi, kamba, kila kitu kikapanda kwenye kirikuu. Nilishika sikio la beseni, Mnyamwezi mmoja akashika sikio la pili, watu wakashangilia wakidhani navutana kwa utani. Kisha Paskalina akamtazama Shadya. "Na huyu pia." Wakamnyanyua binti yangu juujuu, wakamkalisha juu ya majamvi, na yeye badala ya kupiga kelele anacheka, anashika ngoma na kuanza kuipiga.

Nilifungua mdomo. Kaka mkubwa wa upande wetu, Mwinyimvua, alinigusa bega. "Mwache, Waridi. Ni mtani huyo. Ukitaka vyako, nenda kakomboe."

Kirikuu kikaondoka na ngoma inalia mtaa mzima. Mtu wa vyuma chakavu alipofika alikuta ua mweupe. Aliniuliza mzigo uko wapi, nikamjibu umeibwa na mila.

Sikwenda kukomboa. Nilisema wacha vikae huko vioze, sitampa raha hiyo. Shadya alirudi nyumbani jioni ileile, na kuanzia hapo kila siku akawa na safari. Nikimwuliza wapi, ananijibu, "Mimi si nimetekwa, mama? Mateka hajiamulii." Nyumba tukaikabidhi. Nikahamia chumba kimoja Magomeni hukohuko kwa dada yangu, mitaa michache tu kutoka kwa Paskalina, na nikawa nachagua njia nisipite kanisani kwao. Asubuhi nilikuwa naamka mapema kwa mazoea, nakaa kitandani, sina wa kumpikia uji. Ilikuwa inauma. Sitaki kuisema kwa mafumbo, ilikuwa inauma sana.

Shule zikafungwa. Ijumaa ile simu yangu haikupumzika. Mama mmoja wa mtaa wa Kongo, mwenye mapacha, akanipigia. "Mama Kambi, Jumatatu nawaleta saa ngapi?"

"Mama, kambi hakuna. Nilishatangaza."

"Hakuna vipi? Shadya katuambia iko Magomeni. Tumeshawanunulia na raba."

Nilikata simu. Kumbe si vyombo tu, kachukua na watoto! Kachukua na jina langu! Usiku huo sikuweza kula. Jumatatu asubuhi nilijifunga kanga, nikafunga pesa ya kukombolea kwenye pindo, nikaenda. Nia yangu ilikuwa nilipe mbele za watu, nipakie vyangu, niseme nililonalo, na nisikanyage tena upande ule wa Magomeni.

Kelele nilizisikia kabla ya kufika getini. Asubuhi ya kwanza ya kambi kelele zake nazijua, nusu kicheko na nusu kilio. Mapacha wa mtaa wa Kongo walikuwa wameshikilia geti hawataki kuingia. Hashimu, aliyeahirisha kambi yake mwenyewe kwa wiki nzima, alikuwa amembeba mtoto mmoja shingoni na kumfuta mwingine kamasi. Wenye kambi wengine wa umoja walikuwepo pia, kila mmoja na kundi. Watoto wangu wa Kariakoo walikuwa upande mmoja, wa Magomeni upande mwingine, wanatazamana kama timu mbili kabla ya mechi. Sufuria yangu ilikuwa motoni.

Paskalina akaniona. Akaweka mikono kiunoni.

"Hatimaye! Mzaramo kaja kukomboa. Nilidhani ngoma imemnogea mahali."

"Taja fidia yako," nikamwambia.

"Fidia yangu ni kubwa. Wiki tatu za kazi, hapahapa. Ukimaliza, tutaangalia kama unastahili kurudishiwa beseni."

Waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimeshachemka, na neno lililonikaa kooni tangu mwezi wa tatu likatoka lenyewe.

"Wewe huna haya. Shangazi alikupa chumba bure, alikulisha, na siku ya kumzika hukumtolea hata chozi moja. Umeufanya msiba wake mchezo, halafu umebeba na vyombo. Huo ndio utani? Hata chozi, Paskalina!"

Hata mapacha pale getini waliacha kulia. Hashimu alitazama chini. Nilikuwa nimekasirika mbele ya mtani, na aibu ilikuwa yangu, nalijua hilo, ila nilikuwa nimeshafika mahali pa kutojali aibu.

Paskalina alifungua mdomo ajibu. Nilimwona anautafuta utani, maana kwake haujawahi kuwa mbali. Haukuja. Midomo ilicheza tu, kisha akageuka, akaenda upesi kwenye stoo pembeni ya uwanja, akaingia.

Nilimfuata. Sikumfuata kwa wema, nilikuwa bado nina maneno.

Alikuwa amekaa chini juu ya majamvi yangu, amejikunyata, mtandio ameuuma kwa meno ili sauti isitoke. Mwili wote ulikuwa unatikisika. Sijawahi kumwona mtu mzima analia hivyo, analia kama anayetapika.

"Paskalina."

"Ningemlilia wapi, dada?" akasema alipoweza. "Niambie wewe, wapi? Msibani mimi ni mtani. Ningelia, watu wangesema Bi Mwanne kakosa hata wa kumchekesha. Na yeye mwenyewe aliniambia kabla, 'Siku yangu usiniaibishe, uwachekeshe mpaka washike mbavu.' Nikafanya. Nilitoka msibani, nikasema nikifika nyumbani nitalia. Nikakuta wageni. Nikasema kesho. Kila ninayekutana naye ananiambia, 'Paskalina, ulituvunja mbavu msibani!' Hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Mnyamwezi hapewi pole."

Nikakaa.

"Wewe ulikuwa unatandikiwa mkeka, unashikwa mikono," akaendelea. "Mimi nilikuwa nimejipaka unga. Halafu unakuja kikaoni unasema vyombo unauza chakavu. Uji wa siku ya kwanza alinipakulia kutoka sufuria ile. Nilijua nikikuomba utakataa, wewe hupokei cha mtu. Kwa hiyo nikaiba. Mtani haombi ruhusa, anaiba. Sikuwa na njia nyingine ya kukuleta."

Miezi yote ile nilikuwa nikihesabu machozi ya watu, na sikuwahi kujiuliza mwenye kutuchekesha anakwenda kulia kwa nani. Nilimwona mwanafunzi wangu, nikamwona mwenye kambi kubwa kuliko yangu, nikamwona mtani. Sikumwona mfiwa. Nilimvutia kwangu, akaniegemea, mtandio ukamtoka mdomoni na sauti ikatoka yote.

Kisha nikakumbuka kwamba utani hauendi upande mmoja. Kama yeye ni mtani wangu, basi na mimi ni mtani wake, na aliyefiwa hapa ni yeye. Kazi hiyo ilikuwa yangu na sikuwa nimeifanya.

"Lia vizuri basi," nikamwambia, na sauti yangu yenyewe ilikuwa inakatika. "Ndivyo wanavyolia kwenu? Mnyamwezi hata kulia analia kama kapandishiwa mzigo mlimani."

Akacheka katikati ya kilio, kamasi zikamtoka, akanipiga begani. "Mtumwa wangu wee," akasema, na akazidi kulia.

Mlango ukasukumwa. Shadya alisimama pale, mwiko mkononi, ametahayari.

"Mama, uji unashika chini. Na watoto wa pande zote mbili wanauliza nani anaanza nao. Nimwite Dada Paskalina?"

Niliinuka, nikaupokea mwiko.

"Mwache akae," nikamwambia. "Amefiwa na shangazi yake. Watoto naanza nao mimi."